Mtindo wa Aya: Kazi ya Fundi au ya Mwalimu?

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona katika kurasa hizi, zilizozoea kujadili ngeli, methali na ushairi, makala juu ya orodha ndogo ya maneno iliyo juu ya skrini ya kompyuta. Sisi pia tungalishangaa, lau tungaliyasoma haya miaka mitatu iliyopita. Wakati ule tuliamini kwamba mambo ya kompyuta yana wenyewe, nasi kazi yetu ni lugha. Lakini yametupata mambo yaliyotuonyesha kwamba pana mahali ambapo mpaka huo haupo, na ni mahali tupitapo kila siku: pale ambapo mwandishi huiambia mashine kwamba haya aliyoyaandika ni aya, yale ni kichwa cha habari, na yale mengine ni ubeti wa shairi. Twaomba kuwasimulia yaliyotupata, na kueleza jinsi jambo lenyewe lifanyavyo kazi, ili mwenzetu aliye njiani asijikwae pale tulipojikwaa sisi.

Tunafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu kilichoko mashariki ya Uganda. Tulipokuwa wanafunzi wa stashahada, masomo yaliandikwa ubaoni kwa chaki, na mitihani ilichapwa juu ya stensili. Mwalimu wetu wa insha alikuwa na desturi yake. Kichwa cha somo alikiandika kwa chaki nyekundu na kukipigia mstari kwa rula. Mifano aliiandika kwa chaki ya manjano. Na zoezi alilizungushia mraba katika pembe ya kulia ya ubao. Hakutueleza kamwe maana ya rangi zile, wala hatukumwuliza. Aliyechelewa kuingia darasani aliutupia ubao jicho moja tu, akajua somo limefika wapi. Desturi hiyo tuliirithi, tukaenda nayo kila tulipofundisha, nasi hatukutambua kwamba inamtaka mwanafunzi awe na macho.

Chuo chetu kilipofungua tovuti ya masomo, tulikabidhiwa sisi sehemu ya Kiswahili. Chombo tulichopewa ni kihariri, yaani programu ya kuandikia iliyo ndani ya kivinjari chenyewe. Mtu hufungua ukurasa, akaona kisanduku cheupe, na juu yake safu ya vitufe: herufi nzito, herufi za mlazo, rangi, orodha, na kadhalika. Huandika kama aandikavyo barua, akabofya kitufe cha kuhifadhi, na maandishi yake yakasomwa na kila mwenye simu au kompyuta. Hahitaji kujua kwamba nyuma ya pazia maandishi hayo yanatiwa alama za lugha iitwayo HTML.

Lugha hiyo ilitungwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Katika alama zake za mwanzo kabisa, zilizoelezwa mwaka 1991, zilikuwamo alama ya aya, yaani p, na alama za vichwa vya habari, kuanzia h1 hadi h6. Tazameni basi, ndugu wasomaji: alama hizo hazisemi lolote juu ya rangi wala ukubwa wa herufi. Zasema tu kwamba hiki ni kichwa, na hii ni aya. Habari za mavazi zilikuja baadaye. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, raia wa Norwei, alipendekeza kwamba sura ya maandishi iandikwe mbali na maandishi yenyewe, na kutokana na pendekezo hilo ikapatikana lugha ya mitindo iitwayo CSS, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1996. Vihariri vya ndani ya kivinjari vilifuata: mwaka 2000 kivinjari cha Internet Explorer 5.5 kiliruhusu ukurasa kuandikwa papo hapo, mwaka 2003 ikatoka FCKeditor, ambayo leo huitwa CKEditor, na mwaka 2004 ikatoka TinyMCE. Kwa hiyo aliyevitunga vyombo hivi alikuta tayari mambo mawili yametenganishwa, yaani aina ya maandishi na vazi lake. Sisi tuliokuja kuvitumia ndio tuliovichanganya tena.

Tulivichanganya namna gani? Katika kihariri chetu palikuwa na menyu mbili zinazokaribiana. Menyu ya kwanza ilikuwa ya aina za aya: ya kawaida, kichwa cha 1, kichwa cha 2, na kuendelea. Ya pili ilikuwa ya mitindo ya aya, nayo ilikuja na majina manne ya Kiingereza ambayo, tukiyafasiri, ni Kijivu, Mpaka, Nafasi, na Herufi Kubwa. Menyu ya kwanza hatukuigusa, kwa kuwa vichwa vyake vilikuwa vikubwa mno machoni petu. Tulipotaka kichwa cha sehemu, tulichagua maneno tukayatia herufi nzito na kuyaongeza ukubwa. Menyu ya pili tuliipenda. Mifano tuliipaka Kijivu, na mazoezi tuliyazungushia Mpaka, kama mraba wa mwalimu wetu wa insha. Siku nyingine tulisahau, tukaweka mifano ndani ya Mpaka na mazoezi kwa Kijivu. Hakuna aliyelalamika. Tuliandika masomo yapatayo 40 kwa utaratibu huo, nasi tulijisifu mioyoni kwamba yanapendeza.

Katika darasa letu alikuwamo kijana asiyeona. Alikuwa akisoma kwa NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, ambayo humsomea mtu kwa sauti yaliyomo katika skrini. Tulifurahi kuona kwamba masomo yetu sasa yanamfikia bila kusomewa na mwenzake, na katika hotuba fupi mbele ya wageni wa chuo tulilisema jambo hilo kwa fahari.

Muhula ule tulitunga wenyewe shairi la tarbia, lenye beti 5 za mishororo minne minne, tukaliweka katika somo la bahari za ushairi. Swali la kwanza la zoezi lilikuwa jepesi: Shairi hili lina beti ngapi? Wanafunzi wote walijibu 5. Yule kijana alijibu 20. Tukaweka alama ya mkasi kwa wino mwekundu, na pembeni tukaandika kwamba hakusoma kwa makini.

Juma lililofuata alikuja ofisini, akasimama mlangoni hadi tulipomkaribisha.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, nilikuwa na swali juu ya lile shairi."

"Marahaba. Karibu ukae. Shairi lina beti 5, ndugu yetu. Mbona uliandika 20?"

Hakujibu upesi. Alifungua kompyuta yake, akatupa kisikilizio kimoja tukitie sikioni, akaufungua ukurasa wetu. "Sikiliza, Mwalimu," akasema. Mashine ikasoma mshororo wa kwanza, ikatua. Ikasoma wa pili, ikatua vilevile. Ikaenda hivyo hadi wa 20, pumziko lile lile kila mahali, kama mtu ahesabuye magunia. Ndipo tulipokumbuka tulivyoliandika. Mwishoni mwa kila mshororo tulibonyeza kitufe cha Enter, na kila mara kihariri kikaanza aya mpya. Ili kuzitenga beti, tulizipaka ubeti wa pili na wa nne rangi ya Kijivu. Kwa macho, beti 5 zilionekana wazi. Kwa mashine palikuwa na aya 20, na rangi haitamkwi.

"Vina viliniambia ni 5," akasema yule kijana, "lakini mashine iliniambia 20. Nikaiamini mashine, kwa kuwa nilidhani Mwalimu ndiye aliyeiambia."

Ndugu wasomaji, tumefundisha zaidi ya miaka 20, na tumeambiwa mengi na wanafunzi, lakini sentensi hiyo haijatutoka. Kijana huyu alikuwa amelisikia shairi vizuri kuliko wenzake wote. Sikio lake lilimpa jibu sahihi, naye akaliacha kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo kwetu. Sisi ndio tuliomwambia uongo, kisha tukamtia kosa kwa kuuamini.

Kisha alituonyesha jambo la pili. Katika NVDA, msomaji akibonyeza herufi H, programu humrukisha hadi kichwa cha habari kinachofuata. Akibonyeza tarakimu 2, humpeleka kwenye kichwa cha daraja la pili. Na anaweza kuomba orodha ya vichwa vyote vya ukurasa, akachagua apendacho. Alibonyeza H katika somo letu la ngeli, lenye sehemu saba. Mashine ikajibu kwamba hakuna kichwa kinachofuata. Vichwa vyetu saba vilikuwa aya za kawaida zilizovikwa herufi nzito. Kwa hiyo kila alipotaka kurudia zoezi lililo mwishoni, ilimpasa aanze mwanzo wa ukurasa na kusikiliza somo zima, au abahatishe. Muhula mzima alikuwa amefanya hivyo, na hakuwa amelalamika.

Kesho yake tulimwendea fundi wa kompyuta wa chuo, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu. Tulikwenda tukiwa tayari kukilaumu kihariri. Alitusikiliza, akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, chombo hiki hakina kosa. Menyu ile si ya kudumu. Waundaji waliweka majina machache ya kuanzia, wakaacha mlango wazi. Niandikie majina mnayoyataka, nami nitayatia. Lakini majina yatoke kwenu. Mimi sijui ubeti ni nini."

Alituonyesha mlango wenyewe, nao ni mdogo kuliko tulivyodhani. Vihariri vinavyojulikana sana vina mahali pa mipangilio ambapo mwenye tovuti huorodhesha aina na mitindo aitakayo. Katika TinyMCE aina za aya hupangwa katika kipengele kiitwacho block_formats, kwa jozi za jina na alama, kwa mfano: Aya ya kawaida=p; Sehemu ya somo=h2; Kifungu=h3. Upande wa kushoto wa alama ya sawasawa ni jina atakaloliona mwandishi katika menyu, na upande wa kulia ni alama ya HTML itakayoandikwa nyuma ya pazia. Mitindo yenye majina yake ya pekee hupangwa katika style_formats. Katika Froala mitindo ya aya huorodheshwa katika paragraphStyles, nako kila jina lisomwalo na mashine huambatana na jina lisomwalo na mtu. Katika CKEditor 5 vichwa hupangwa katika heading.options, na chombo hicho kina busara moja tuliyoipenda: kichwa cha kwanza cha menyu huandikwa h2, kwa kuwa h1 huachiwa jina la ukurasa mzima. Majina hayo yote, Kichwa, Kifungu, Ubeti, yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mashine haitalalamika.

Tuliitisha kikao cha waalimu wa lugha. Tulidhani kitachukua nusu saa. Kilikula alasiri nzima. Kila mmoja alileta majina yake, yakafika 14. Mmoja alitaka Aya Nyekundu kwa mambo ya hatari, kama vile makosa ya sarufi. Mwingine alitaka Aya Nzuri. Mwalimu wetu wa fasihi, mama aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hii Nyekundu, siku tukichapa kwa wino mweusi itaitwaje?" Hakuna aliyejibu. Basi tukakata shauri kwamba jina la mtindo litaje kazi ya maandishi, wala lisitaje sura yake. Badala ya Nyekundu tukaandika Tahadhari. Badala ya Kijivu tukaandika Mfano, na badala ya Mpaka tukaandika Zoezi. Nzuri ikafutwa. Tulibishana pia kama menyu iseme Beti au Ubeti, na mama yule akatukumbusha kwamba mwandishi huchagua mmoja mmoja, kwa hiyo jina na liwe la umoja. Tukabaki na majina manane: Aya ya Kawaida, Sehemu ya Somo, Kifungu, Ubeti, Mfano, Zoezi, Nukuu, na Tahadhari.

Twataka mwangalie jambo lililotokea katika kikao kile, kwani ndilo kiini cha makala haya. Hatukuwa tukijadili kompyuta. Tulikuwa tukijiuliza somo la lugha lina viungo gani, na kila kiungo kinaitwaje. Ni swali la mwalimu. Tulipoacha mgeni alijibu kwa niaba yetu, mgeni huyo hakuwa na neno Ubeti katika menyu yake, na mwandishi asiyepewa neno la kitu hulazimika kukiita kwa jina la kitu kingine. Ubeti wetu ukaitwa Kijivu. Kichwa chetu kikaitwa Herufi Nzito. Machoni mambo yakaonekana sawa, lakini kila ukurasa ulibeba maelezo yasiyo ya kweli juu yake wenyewe.

Fundi aliyatia majina yote manane. Tulilifungua lile shairi, tukaliandika upya: ndani ya ubeti mmoja tulibonyeza Shift pamoja na Enter, kitendo kinachokata mstari bila kuanzisha aya mpya, na Enter peke yake tukaiacha kwa mwisho wa ubeti. Tukachagua Ubeti katika menyu, na ndani ya kihariri shairi likajipanga vizuri, likiingia kidogo kutoka pembeni. Tukahifadhi, tukaufungua ukurasa wenyewe. Lo! Kila kitu kilikuwa kitupu, aya tupu bila pambo.

"Mmeupa ubeti jina," akatueleza fundi, "lakini vazi mmelishona upande mmoja." Menyu, alisema, huandika tu neno ubeti kwenye alama ya aya. Maana ya neno hilo, yaani nafasi, rangi na ukubwa, imo katika faili la mitindo, na faili hilo yapasa lisomwe pande zote mbili, katika kihariri na katika ukurasa uonwao na wasomaji. Letu lilikuwa limeunganishwa na kihariri peke yake. Alilirekebisha kwa muda mfupi. Tunalitaja kwa sababu ni kosa ambalo, tunavyodhani, litampata kila anayeanza: chumba cha kuandikia hupendeza, na barazani hakuna kitu.

Kosa la pili lilikuwa letu, tena lilikuwa zito zaidi. Tulimwita yule mwanafunzi kwa furaha, tukamwomba asikilize shairi jipya. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, sasa mishororo inakwenda vizuri. Lakini ubeti wa pili unapoanza, bado siambiwi."

Ndipo tulipoelewa tofauti ya zile menyu mbili tulizozikuta tangu mwanzo. Menyu ya aina hubadilisha kitu chenyewe: aya inakuwa kichwa, na mashine zote duniani hujua kichwa ni nini. Menyu ya mitindo huongeza jina tu juu ya kitu kile kile: aya yenye jina la ubeti ni aya bado, na jina hilo hulielewa faili letu la mitindo, si programu ya msomaji. Mtindo ni kwa ajili ya jicho na kwa ajili ya sisi tuandikao. Aina ni kwa ajili ya kila mtu. Hapana budi mwandishi ajue kila mara ni lipi kati ya hayo mawili analolitenda, na kwa kuwa menyu zimekaa jirani, ni rahisi kukosea.

Kwa hiyo tulirudi kwa fundi na ombi moja zaidi. Katika menyu ya aina tuliongeza jina la tisa, Namba ya Ubeti, nalo likawa kichwa cha daraja la nne, yaani h4. Jina la shairi likawa Kifungu, ambacho ni h3, chini ya Sehemu ya Somo, ambayo ni h2. Sasa kila ubeti hutanguliwa na maneno madogo, Ubeti wa 1, Ubeti wa 2, na kuendelea. Anayeona huyapita bila kuyajali. Asiyeona hubonyeza tarakimu 4 mara tano, akajua kwamba zimekwisha. Hali kadhalika Zoezi na Mfano: juu ya kila kimoja tukaweka kichwa cha kweli, na mtindo ukabaki kuwa pambo.

Msidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa katika lugha yetu. Waandishi wa kale walionakili tenzi kwa herufi za Kiarabu aghalabu waliuandika ubeti mzima wa vipande vinne katika mstari mmoja, na vipande wakavitenga kwa alama ndogo. Msomaji aliyeushika waraka ule alijua kwamba mstari mmoja ni ubeti mmoja, na alama ni mwisho wa kipande. Wino ulikuwa mmoja, na maana ilikaa katika mpango. Mwandishi yule hakumwachia mtengeneza karatasi aamue ubeti uonekane vipi.

Faida nyingine ya mpango huu tuliiona baadaye. Wanafunzi wengi walisoma kwa simu ndogo, wakalalamika kwamba mifano ina herufi hafifu. Zamani ingalitubidi kupita katika masomo 40, mfano mmoja baada ya mwingine. Safari hii fundi alibadilisha mstari mmoja katika faili la mitindo, na kila kilichoitwa Mfano kikakolea kwa pamoja. Kilichobaki cha Kijivu, ambacho hatukuwahi kukipa jina lake, kilibaki hafifu, nasi tukakitambua kwa hilo.

Yapasa pia tuseme matatizo ya njia hii. Kwanza, kuyarekebisha masomo ya zamani kulituchukua likizo nzima, maana mashine haiwezi kujua kwamba herufi nzito hizi ni kichwa na zile ni neno lililotiliwa mkazo. Sharti mtu asome. Pili, maandishi yakinakiliwa kutoka programu nyingine na kubandikwa, mara nyingi huja na mavazi yao ya zamani, kwa hiyo tumejizoeza kubandika maneno matupu, kwa Ctrl, Shift na V katika vivinjari vingi, kisha kuyapa majina upya. Tatu, menyu fupi humbana mwandishi. Mama wa fasihi alitunga shairi ambalo kibwagizo chake kinarudi katikati ya beti, tena kikiwa kimesogezwa kulia. Hatukuwa na jina la kitu hicho. Alituuliza kama shairi lake libadilike ili litoshee menyu. Tulimjibu kwamba menyu ndiyo itakayobadilika, tukaongeza Kibwagizo. Lakini tulijiuliza ni mashairi mangapi yatakayonyooshwa kimyakimya na watu wasiojua kwamba wanaruhusiwa kuuliza.

Yule mwanafunzi tulimrudishia alama yake. Tuliifuta alama ya mkasi mbele yake, tukamsomea tuliyoyaandika badala yake, kwamba jibu la kwanza alilolisikia lilikuwa sahihi. Alitushukuru kwa ufupi. Halafu akauliza kama masomo ya mwaka wa kwanza nayo yatarekebishwa, kwa kuwa ana mdogo wake atakayeingia chuoni, naye haoni vilevile. Masomo yale hayakuwa yetu, yalikuwa ya idara nyingine. Tulikwenda kwa wenzetu wa idara hiyo siku ile ile.

Basi, waalimu wenzetu, tunawaombeni mambo matatu. Mtakapopewa chombo cha kuandikia, ulizeni kwanza nani aliyeyaandika majina ya menyu ya aya, na kama yaweza kubadilishwa. Mara nyingi yaweza. Mkiyabadilisha, yapeni majina ya kazi, kwa Kiswahili, na machache. Na kabla ya kumwonyesha mgeni yeyote ukurasa mliouandika, usikilizeni hadi mwisho kwa programu ya kusoma, mkiwa mmefumba macho.

Tuna ombi pia kwa chama chetu. Sisi tumeita Kifungu kile ambacho mwenzetu wa Rwanda au Burundi huenda anakiita Sehemu Ndogo, na wa Kongo anakiita kwa jina jingine. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi kila mwaka siku hiyo twakutana, twaimba, twatoa hotuba. Ingefaa mwaka mmoja tuketi saa mbili tu, tukapatana majina tisa au kumi ya viungo vya somo, ili mwanafunzi atokaye katika tovuti ya chuo kimoja na kuingia katika ya chuo kingine akute vichwa pale anapovitarajia. Majina yetu tumeyataja hapo juu. Mwenye majina bora na atuletee, nasi tutayabadili yetu.